Maafa Yakitokea Lamu, Anza kwa Mzee wa Mtaa

Moto ukishika makuti kule Langoni, au mashua ya Kizingitini ikikawia kufika jeti, wengi wetu humpigia simu mwanasiasa kwanza. Sababu naijua. Mheshimiwa hupokea, husema "nimewasikia", na kesho yake huonekana na magodoro mawili matatu na mpiga picha. Mimi nimekaa miaka kadhaa katika vikao vya kamati ya maafa, kwanza nikiwa katibu wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, ya wavuvi wetu, baadaye nikiwakilisha mtaa tu, na nimeona simu zipi huleta nini. Ile ya mheshimiwa huleta yeye mwenyewe. Mahema, blanketi, mahindi na maharagwe huja kwa ripoti, na ripoti huanza kwa mzee wa mtaa, yule yule mnayekunywa naye kahawa chungu baada ya Isha.

Ili uelewe kwa nini, jua kwanza kwamba ngazi ni mbili. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, imeipa serikali kuu kazi ya kushughulikia maafa, na papo hapo ikaipa kaunti kazi hiyo hiyo pamoja na zimamoto. Kwa hiyo dau la wagonjwa, zahanati, maji na mipira ya kuzimia moto ni mambo ya gavana. Polisi, jeshi, utabiri wa hali ya hewa na ukame ni mambo ya Nairobi. Upande wa kaunti unapitia kwa msimamizi wa wadi. Upande wa serikali kuu unapanda kutoka kwa mzee wa mtaa hadi kwa naibu chifu, chifu, naibu kamishna, kamishna wa kaunti, kisha Wizara ya Usalama wa Ndani, ambako kuna Kituo cha Taifa cha Operesheni za Maafa. Kituo hicho kilianzishwa 1998, baada ya mvua za El Niño za 1997 kuionyesha serikali kwamba kila wizara ilikuwa ikizima moto wake peke yake. Hata wanajeshi wakiletwa kusaidia, Katiba inataka Bunge la Taifa liarifiwe.

Shida ya ngazi mbili ni kwamba kila upande unaweza kudhani mwenzake ameshaarifiwa. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja, na sitaji ofisi. Mimi siku hizi nikiripoti jambo, napeleka pande zote mbili kwa wakati mmoja: chifu na msimamizi wa wadi, ujumbe ule ule, maneno yale yale, na ndani yake naandika kwamba mwenzake pia nimempelekea. Utashangaa jinsi mtu anavyoamka akijua kuna mwingine aliyesoma.

Halafu kuna Msalaba Mwekundu. Wengi huwahesabu kuwa serikali, wengine huwahesabu kuwa wafadhili wa kizungu. Si hivyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1965, nalo ni msaidizi wa serikali katika mambo ya dharura. Nambari yao ni 1199, ya polisi ni 999 au 112. Ziandike ukutani jikoni kwa makaa kama huna kalamu, maana simu ikiungua au ikilowa, majina yote uliyohifadhi yamekwenda nayo.

Sasa nije kwenye orodha, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Baada ya maafa yoyote hufanywa tathmini. Atakuja chifu, au mzee wa mtaa kwa niaba yake, pamoja na vijana wa Msalaba Mwekundu na pengine afisa wa kaunti, wana daftari au simu ya kujazia fomu. Watauliza jina, kitambulisho, watu wangapi, nini kimepotea. Orodha hiyo ndiyo itakayopanda ngazi, na kila gunia litakaloteremka litagawanywa kwayo. Wakati Faza ilipoteketea 2009 na mamia ya nyumba kuisha, kazi ya kujua nani alikuwa akiishi wapi haikuwa ndogo, maana nyumba za huku si kama fomu zinavyodhani. Fomu inauliza nyumba. Nyumba moja ya Lamu ina mama mzazi chini, binti wawili na waume zao juu, mpangaji ndani ya chumba cha uani, na mjukuu aliyekuja kusoma madrasa. Ukiandikisha nyumba moja, litakuja gunia moja.

Kwa hiyo simama kidete ukitaka ziandikwe kaya, si paa. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Wapangaji nao wajitaje wenyewe, wasimwachie mwenye nyumba awasemee. Yeye ana machungu yake na kuta zake. Wajane wanaoishi katika nyumba iliyoandikwa jina la kaka au la marehemu wahakikishe jina linaloandikwa ni lao. Orodha ikishakamilika, omba isomwe kwa sauti pale pale, barazani, mbele ya watu. Hakuna afisa aliyewahi kunikatalia hilo, na makosa mengi hujitokeza hapo: fulani ametajwa mara mbili, bi fulani aliyelazwa hospitali hakutajwa kabisa. Kisha piga picha kila ukurasa. Si kwa ubaya. Daftari hupotea, na likipotea bila nakala tathmini huanza upya watu wakiwa wamelala nje.

Mtaa wetu ulichukua hatua moja zaidi: tuliandika orodha ya kaya kabla ya maafa. Mzee wa mtaa anayo, mimi ninayo, na imamu anayo. Humo kuna nani ni mlemavu, nani hawezi kushuka ngazi, nani ana mtoto mchanga, nani hutumia dawa za sukari. Mwaka ukiisha tunaipitia, maana watu huoa, huhama, hufa. Chifu alipoiona mara ya kwanza alisema, "Katibu, hii mngenipa zamani." Tangu hapo tathmini kwetu huchukua asubuhi moja tu.

Stakabadhi pia. Kitambulisho, hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, vyote vipigwe picha na vitumwe kwa ndugu aliye Mombasa au Nairobi, nje ya kisiwa hiki. Vikiungua, nenda polisi uchukue abstrakti, karatasi yao ya kuthibitisha umeripoti kupotelewa, mapema, maana bila hiyo karatasi kila ofisi itakurudisha ulikotoka.

Kuhusu moto wenyewe nitasema machache kwa sababu kila mtu wa hapa anajua. Vichochoro vyetu havipitishi gari, na serikali inaweza kununua gari la zimamoto zuri namna gani, litaishia ufuoni. Kinachookoa mtaa ni pampu ndogo ya kubeba, visima na birika za misikiti zilizojaa, na uamuzi wa haraka wa kushusha makuti ya nyumba ambazo moto haujafikia. Uamuzi huo wa mwisho ni mgumu, kwa hiyo kubalianeni wakati wa salama: nani ana ruhusa ya kusema "shusha", na mwenye paa atafidiwaje na majirani.

Bahari ni habari nyingine. Huko orodha hutangulia ajali. BMU zina rejista ya vyombo, lakini rejista ya vyombo haisemi nani amepanda leo. Nahodha anayeondoka na abiria kupitia mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Mtangawanda au Faza aache majina kwa mtu wa jeti, pamoja na saa anayotarajia kufika. Mashua isipofika, mtu huyo ndiye anayejua ni watu wangapi watafutwe. Bila hayo, siku ya kwanza ya utafutaji hupita watu wakibishana kama waliokuwemo ni kumi au kumi na wanne. Tangu 2018 nchi ina kikosi cha Walinzi wa Pwani, na Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa 2006, nao wote watauliza maswali yale yale: chombo gani, rangi gani, kimeondoka wapi saa ngapi, kina watu wangapi. Uwe na majibu. Kusi likishachafuka kuanzia Mei hadi Agosti, hata abiria ana haki ya kuuliza jaketi za uokozi ziko wapi kabla ya kutia mguu. Manahodha wetu hununa wakiulizwa. Na wanune.

Onyo la hali ya hewa hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ina mkurugenzi wake katika kila kaunti. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, tulipata onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, na serikali ikataka shughuli za baharini zisimame. Kimbunga kiliishia upande wa kisiwa cha Mafia, na huku watu wakaanza kucheka: "Kimbunga kiko wapi?" Dhihaka hiyo inanitia wasiwasi kuliko upepo. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilivuka bahari yote ya Hindi kabla ya kutufikia. Kulikuwa na saa za kutosha kuondoa watu ufuoni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja, kule Watamu karibu na Malindi, wakati Somalia jirani zetu walikufa karibu 300. Wakati ule hakukuwa na mtambo wa kuonya katika bahari hii. Huo ulijengwa baadaye na mataifa ya eneo hili chini ya UNESCO. Leo onyo lipo. Lipeleke misikitini, kwa kipaza sauti, kwa Kiamu na Kibajuni, lahaja zetu za huku, maana ujumbe wa Kiingereza kwenye simu haumfikii mvuvi aliyelala Kiwayu.

Ukame huja polepole na ndiyo sababu serikali imeupangia vizuri zaidi kuliko mengine. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame inafuatilia kaunti 23, Lamu na Kilifi zikiwemo, na kila mwezi hutoa taarifa inayosema kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni. Wanaangalia majani yanavyoonekana kwa setilaiti, mwendo wa kwenda kisimani, maziwa, bei ya mbuzi. Taarifa hiyo haiuzwi. Isome, au mwombe mwalimu akusomee, hasa ninyi wa Ndau, Kiwayu na Kiunga mnaotegemea jabia, yaani birika za kukingia maji ya mvua. Kaunti ikitangazwa kuwa kwenye tahadhari ndio wakati wa kufagia jabia, kuziba nyufa na kuandika barua ya kuomba maji ya kuletwa kwa boti. Ukingoja neno "dharura", utapanga foleni na kaunti zote nyingine.

Msisahau barabara. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara ya Garsen kuja kwetu, na bei ya vitu ikapanda kisiwani bila tone la mvua kuingia dukani. Mvua ikinyesha sana bara, juu huko Mto Tana unakotoka, wewe nunua dawa zako za mwezi, unga na gesi mapema.

Na pesa? Serikali kuu ina Hazina ya Dharura iliyotajwa katika Katiba, na sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuanzisha yake. Fedha hizo hutoka haraka kabla ya idhini, lakini idhini ya bunge husika lazima iombwe ndani ya miezi miwili baada ya malipo. Sharti lake lingine watu hawalizingatii: ni za jambo la haraka lisilotarajiwa. Jabia inayokauka kila mwaka si jambo lisilotarajiwa. Makuti kuungua Langoni si jambo lisilotarajiwa. Vitu hivyo mahali pake ni bajeti ya kawaida. Kaunti hupeleka waraka wa mwelekeo wa fedha kwa bunge lake kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya wananchi huwa kabla ya hapo, na mara nyingi ukumbi huwa na viti vitupu. Nendeni. Msiombe "msaada wa maafa". Ombeni pampu mbili za kubeba, mipira ya mita kadhaa, na jaketi za uokozi kwa jeti fulani, kwa maandishi, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.