Joker wa dogo: anza na yupi?

Mdau wa Nkuhungu, Dodoma, nimekusoma. Dogo wako wa miaka 12 anataka muvi zote za Joker, yule adui wa Batman mwenye sura ya kichekesho, likizo hii, na we unadhani zinaendelea kama sizoni. Nyingi haziendelei bana, karibu kila moja ina Joker wake na stori yake (ya Joaquin Phoenix ya 2019 ndo ina ya pili, ya 2024), kwa hiyo usiumize kichwa na mpangilio.

Mwanzishie ile ya katuni ya Batman ya 1992, sauti ya Joker ni Mark Hamill, kile kicheko acha tu. Akitaka watu kabisa mpe Cesar Romero wa 1966, huyo aligoma kunyoa mustachi wakaupaka rangi nyeupe juu yake, ukisogelea tivii unauona, dogo atacheka sana.

Heath Ledger wa 2008 kwangu ndo baba lao ila kaeni wote muangalie. Ya Joaquin Phoenix ya 2019 hapana aisee, Marekani yenyewe chini ya 17 haingii bila mzazi, ina damu na mambo ya ugonjwa wa akili.

Na pale unapojaziwa flashi Majengo usiseme "nipe za Joker" maana utawekewa zote, taja mwaka. Akianza kuota vibaya usiku zima kwanza, yasipoisha muone daktari.