Kabla Hujanunua Kiberiti cha Kale cha Dupont au Dunhill

Mtu anayeuza kiberiti cha gesi cha S.T. Dupont hukipiga picha upande wa mbele, kikiwa kimefungwa na kupanguswa hadi kinang'aa, na mara nyingi kikiwa kimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Picha hiyo haimsaidii sana mnunuzi, kwa sababu uso wa mbele ndio sehemu ambayo watengenezaji wa vitu feki huihangaikia kuliko nyingine zote. Katika miaka ambayo nimekuwa nikinunua viberiti hivi hapa London, kwenye minada midogo na kwenye soko la Portobello Road siku za Jumamosi, nimezoea kuomba picha za sehemu ambazo muuzaji hakuona haja ya kuzionyesha: kitako, bawaba, upande wa ndani wa kifuniko, gurudumu la kuwashia na tundu la kujazia gesi. Muuzaji mwaminifu huzituma bila manung'uniko, na yule anayeleta visingizio huwa amekwisha kunijibu swali langu.

Kabla ya kushika lenzi, jifunze miaka. Nyumba ya Dupont ilianzishwa Paris mwaka 1872 kwa kutengeneza bidhaa za ngozi na mabegi ya safari. Kiberiti chake cha kwanza, kilichotumia petroli, kilitoka mwaka 1941, vya gesi vikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1950, na modeli maarufu ya Ligne 2 ikaingia sokoni mwaka 1977. Kwa upande wa Dunhill, kampuni ya Kiingereza, modeli yake ya gesi iitwayo Rollagas ilianza kuuzwa mwaka 1956. Tarehe hizi chache zinatosha kuvunja hadithi nyingi za sokoni. Ukiambiwa kwamba Ligne 2 iliyo mbele yako ilinunuliwa na babu wa muuzaji katika miaka ya 1960, ama muuzaji hakijui anachokiuza, ama anajua na anakupima wewe. Hata ikiwa kiberiti chenyewe ni halali, maelezo mengine ya muuzaji huyo, hasa yale yanayohusu matengenezo na dhahabu, huna tena sababu ya kuyategemea.

Baada ya hapo kigeuze utazame kitako. Kwenye Dupont halisi utakuta jina la kampuni, neno Paris, maneno ya Kifaransa au ya Kiingereza yanayoeleza kwamba kimetengenezwa Ufaransa, na namba yake. Chini ya lenzi ya sonara, herufi za chapa halisi huwa na kingo safi na kina kinacholingana kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho, ilhali kwenye nakala utaona nukta za "S.T." zikiwa zimefifia au kusogea, herufi moja ikiwa nene kuliko jirani yake, na mistari isiyo na kina, iliyochorwa juujuu. Namba iandike, kisha itafute mtandaoni, kwa sababu wanaotengeneza feki hupiga namba ileile kwenye viberiti vingi; ukiikuta namba hiyo kwenye viberiti viwili au vitatu vyenye rangi tofauti vinavyouzwa na watu tofauti, achana nacho. Hata hivyo, namba isiyojirudia haithibitishi chochote peke yake.

Sehemu ninayoiamini zaidi ni bawaba pamoja na ule mstari unaotenganisha kifuniko na mwili. Mwili wa Ligne 2 huchongwa kutoka kwenye kipande kizima cha shaba ya njano, na ndiyo maana kiberiti kidogo kiasi hicho huwa kizito mkononi. Kikifungwa, mstari ule huwa mwembamba na sawasawa pande zote nne, na kifuniko hakichezi ukikisukuma kwa kidole gumba kulia na kushoto. Nakala nyingi hazichongwi bali humiminwa kwenye kalibu kwa madini ya zinki, kisha hupakwa juu. Wakati mmoja nilionyeshwa Dupont nyeusi ya laka, yaani iliyopakwa rangi ngumu juu ya madini, iliyopendeza sana machoni, bei yake ikiwa ya kuvutia bila kuwa ya kushangaza, na kitako chake kikiwa kimechongwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Karibu na bawaba palikuwa na mbanduko mdogo, mdogo kuliko punje ya mtama. Nilipopaelekezea lenzi, chini ya laka sikuona manjano ya shaba. Niliona madini ya kijivu yenye vitundu vidogovidogo, kama yanavyobaki madini yaliyomiminwa. Nilimrudishia mwenye meza, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Kuhusu laka yenyewe, ile inayoitwa laka ya China hutokana na utomvu wa mti na hupakwa tabaka juu ya tabaka, hivyo rangi yake ina kina na haing'ai kama plastiki. Ni ngumu, lakini ikigongwa kwenye kona hupasuka, na kuirudisha ni kazi ya fundi bingwa inayoweza kugharimu zaidi ya kiberiti chenyewe. Mimi humwona muuzaji wa kiberiti cha mwaka wa 1980 chenye laka isiyo na hata mkwaruzo kuwa ni mtu anayestahili maswali mawili matatu zaidi.

Watu wengi watakuambia usikilize mlio. Ni kweli kwamba Ligne 2 hujulikana kwa mlio wake safi na mrefu kifuniko kinapofunguliwa, na ni kweli kwamba feki nyingi hutoa sauti butu. Lakini nimeshika viberiti halisi vilivyokuwa bubu kwa sababu ya uchafu au bawaba iliyochoka, na nimesikia nakala zinazolia vizuri. Mlio uusikilize kwa raha yako. Kutoa pesa usubiri lenzi.

Dhahabu ndiyo mahali ambapo wanunuzi hupoteza fedha nyingi hata pale ambapo kiberiti ni halisi kabisa. Viberiti vingi vya Dupont na Dunhill vyenye rangi ya dhahabu vimechovywa tu dhahabu juu ya shaba. Alama ya mikroni 20, ambayo wauzaji hupenda kuitaja kwa fahari, maana yake ni tabaka la dhahabu lenye unene wa milimita 0.02, ambao kwa mchovyo ni mnene, ila haukifanyi kiberiti kuwa cha dhahabu tupu. Dhahabu tupu ya Kifaransa ya karati 18 huwa na muhuri mdogo wa kichwa cha tai, na fedha ya Kifaransa huwa na kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi; mihuri hiyo ilianza kutumika mwaka 1838. Kwa vitu vilivyopigwa muhuri Uingereza, tafuta simba anayetembea kwa fedha ya 925 (yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000), na tarakimu 375 au 750 kwa dhahabu ya karati 9 au 18. Kama huoni muhuri, lipa bei ya kitu kilichochovywa, hata kama muuzaji anaapa. Na tafadhali usimpe sonara akisugue kwenye jiwe lake la kupimia, kwa sababu alama atakayoiacha itabaki hapo daima na itashusha thamani. Lenzi na mizani vinatosha.

Kwa Rollagas, chapa ya kitakoni mara nyingi hutaja Uswisi kama nchi kilikotengenezwa na namba ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, US.RE24163. Namba hii haikitambulishi kiberiti kimoja, kwani iko kwenye maelfu ya vingine, kwa hiyo muuzaji anayeinadi kama namba ya toleo la pekee anakosea. Nakshi ya nje, hasa ile ya punje za shayiri, ndiyo inayoonyesha umri: itazame kwenye kona na mahali kidole gumba kinapopita. Kama imelainika huko na bado ni kali katikati, huo ni uchakavu wa kweli wa matumizi, nami huupenda kuliko mng'ao wa kiberiti kilichosuguliwa kwa mashine hadi nakshi ikapungua pande zote.

Ukiisha kuridhika kwamba ni halisi, uliza kama kinashika gesi. Mipira ya ndani inayozuia gesi isivuje hukakamaa ikikaa miaka mingi bila kutumika, na kauli ya kwamba "kinahitaji gesi tu" mara nyingi humaanisha kinavuja. Njia yangu ni kukijaza, kukiacha kirudi kwenye joto la chumba, kukipima kwenye mizani ndogo ya sonara, kukiweka mbali na moto, na kukipima tena kesho yake; uzito ukishuka, gesi inatoroka. Muuzaji akikubali kufanya jaribio hilo na kukutumia picha mbili za mizani, mpe arbuni bila wasiwasi. Asipokubali, kata kwenye bei gharama nzima ya matengenezo, ambayo uiulizie kwa fundi kabla ya kununua. Fundi anayevifungua viberiti hivi kila siku ni shahidi bora kuliko sanduku na cheti, maana masanduku na vyeti huuzwa peke yake, na kuviunganisha na kiberiti kingine ni jambo jepesi. Ukinunua mnadani, kumbuka pia ada ya mnunuzi, ambayo inaweza kufika robo ya bei au hata kuizidi.

Liko na suala la kusafirisha, ambalo wenzetu wanaotaka kupeleka zawadi Dar es Salaam au Mombasa hulisahau. Kiberiti cha gesi hakiwekwi kwenye begi linaloingia kwenye buti la ndege. Kwa kawaida abiria huruhusiwa kimoja tu, akiwa nacho mwilini, na baadhi ya nchi na mashirika yana masharti makali zaidi, hivyo ulizia kabla ya kwenda uwanjani. Kopo la gesi ya kujazia haliruhusiwi kabisa, wala mkononi wala kwenye mzigo. Na kwa kuwa Dupont huuza gesi yake katika makopo ya rangi tofauti kulingana na modeli, kwa sababu matundu ya kujazia si ya aina moja, hakikisha kwanza kwamba huko anakoishi huyo ndugu yako inapatikana gesi yenye mdomo unaolingana na kiberiti unachotaka kumpa.