Wakili wetu amekwenda Bungeni: kesi inabaki na nani?

SWALI: Ndugu mjibu wa maswali, salamu kutoka Katuba. Kwa miaka sita wakili mmoja ametusimamia katika kesi ya kiwanja alichotuachia marehemu baba yetu, na kwa muda wote huo hatukuwa na la kumlaumu. Katika uchaguzi uliopita alichaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Sisi wenyewe tulimpigia kura na vigelegele juu yake. Tangu hapo, kila tukifika ofisini kwake tunamkuta kijana anayefanya mafunzo ya uwakili, naye hutujibu kwamba Mheshimiwa yuko Kinshasa. Je, sheria inamkataza kutetea kesi akiwa mbunge? Na kama hawezi kufika mahakamani, si atusaidie kutoka huko juu, maadamu sasa ana nguvu kuliko hakimu? (Mama wa watoto wanne, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, maswali yako ni mawili, na la pili ndilo zito, lakini acha nianze na lile jepesi. Kifungu cha 108 cha Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 kinataja kazi ambazo mbunge wa taifa hawezi kuzichanganya na kiti chake: hawezi kuwa wakati huohuo waziri, hakimu, askari, polisi, mtumishi wa kudumu wa Serikali, wala kushika cheo kingine cha kuchaguliwa. Wakili hatajwi katika orodha hiyo. Kwa hiyo mtu wenu hakulazimika kuvua joho lake siku alipoapishwa.

Kinachomzuia ni kalenda. Kifungu cha 115 kinaliitisha Bunge mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, kisha kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba, na kipindi hiki cha pili ndicho cha bajeti, ambacho mbunge makini hathubutu kukikosa. Hiyo ni nusu ya mwaka, bila kuhesabu vikao visivyo vya kawaida, na kati ya Lubumbashi na Kinshasa hakuna safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa basi. Isitoshe, kifungu cha 110 kinasema kwamba mbunge anayekosa zaidi ya robo ya vikao vya kipindi kimoja, bila ruhusa wala sababu, anapoteza kiti chake. Wakili anayetaka kuhudhuria kila tarehe ya kesi zake huku Lubumbashi anauweka ubunge wake rehani, na anayeshika ubunge barabara hana budi kuwaachia wenzake mafaili.

Hapo ndipo ninapomlaumu kidogo, ingawa wewe hukumlaumu. Kumwachia kazi kijana wa mafunzo si kosa, kwa sababu mafunzo hayo ya miaka miwili ndiyo shule ya kila wakili nchini. Lakini mteja alistahili kuambiwa mapema, kwa maandishi, nani anabeba faili lake na chini ya usimamizi wa wakili gani mkubwa. Mwandikie barua ukimwomba jibu hilo. Asipojibu, una haki ya kuchukua faili na kulipeleka kwa mwingine, au kumpelekea malalamiko batonie, yaani mkuu wa chama cha mawakili cha huko kwenu, ambaye kazi yake mojawapo ni kusikiliza ugomvi kati ya wakili na mteja.

Sasa lile zito. Unasema ana nguvu kuliko hakimu. Hapana, mama, na heri iwe hivyo. Kifungu cha 151 cha Katiba kinalinyima Bunge mambo matatu waziwazi: kuamua ugomvi ulio mbele ya mahakama, kubadilisha hukumu iliyokwisha kutolewa, na kuzuia hukumu isitekelezwe. Mbunge anayempigia hakimu simu kwa ajili ya kiwanja chenu anavunja Katiba ileile aliyoapa kuitunza. Na ukikubali simu hiyo leo, jiulize ni mheshimiwa wa nani atakayepiga kesho kwa niaba ya yule mnayeshtakiana naye. Alipokuwa wakili alikuwa wenu, mlimlipa aseme la kwenu. Kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa zima na kwamba amri yoyote ya kumfunga mdomo au kumwelekeza kura yake ni batili, hata ikitoka kwa wapiga kura wa Katuba. Najua jambo hili linauma, hasa kwa waliompigia vigelegele.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi na nina nia ya kufika Bungeni siku moja. Je, ni lazima nipitie uwakili kwanza, na ni nani waliotangulia katika njia hii? (Msichana wa Kampemba)

JIBU: Si lazima, dada. Katiba inakutaka uwe Mkongo mwenye umri wa miaka 25 kwa Bunge la Taifa, na 30 kwa Seneti. Wabunge wa kwanza wa 1960 walifanya kazi bila hata wakili mmoja Mkongo nchini, kwa kuwa wakoloni walichelewa mno kuwafungulia wenyeji milango ya vyuo vikuu: chuo kikuu cha Lovanium, kule Kinshasa, kilianza mwaka wa 1954, na chuo cha Serikali hapa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1956. Étienne Tshisekedi alihitimu sheria Lovanium mwaka wa 1961, na huhesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kuhitimu sheria nchini. Mwaka wa 1980 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya kuulaumu utawala wake, pamoja na Kyungu wa Kumwanza wa hapa kwetu, ambaye hakuwa mwanasheria. Barua hiyo iliwapeleka kizuizini, na mwaka wa 1982 ikafuatwa na kuzaliwa kwa UDPS, chama cha upinzani.

Uwakili utakufaa kwa jambo moja hasa, nalo ni mazoea ya kusoma kifungu hadi nukta ya mwisho. Chukua Sheria ya Madini. Ile ya 2002 iliugawa mrabaha wa madini, yaani ada anayolipa mwenye mgodi kwa madini anayouza, hivi: asilimia 60 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo na 15 kwa mji au teritwari (eneo la utawala chini ya jimbo) ambako mgodi upo. Marekebisho ya 2018 yaliacha 25 ya jimbo jinsi ilivyo, yakaacha 15 lakini sasa kwa mji, komini, sekta au cheferi (maeneo ya utawala yaliyo karibu na wananchi), yakapunguza fungu la Serikali kuu hadi 50, na asilimia 10 iliyobaki ikapewa mfuko wa vizazi vijavyo. Mkutanoni utasikia watu wakipiga kelele kwamba jimbo liliporwa. Aliyesoma sheria zote mbili anajua jimbo halikuguswa, na kwamba swali la kuuliza ni kama fedha hizo zinafika kweli.

Swali hilo mbunge ana njia ya kuliuliza. Kifungu cha 138 cha Katiba kinampa maswali ya mdomo na ya maandishi, kumhoji waziri, na tume za uchunguzi. Tume iliyoongozwa na mbunge Christophe Lutundula, iliyokabidhi ripoti yake mwaka wa 2005, ilichambua mikataba iliyotiwa saini wakati wa vita, mingi ikihusu migodi. Kazi yenyewe ilikuwa ya wakili hasa, kukaa na makaratasi na kuuliza nani alisaini na kwa idhini gani.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba pendekezo lako la sheria litapita kwa sababu limeandikwa vizuri. Litapelekwa kwanza kwa Serikali, ambayo ina siku 15 za kutoa maoni, na likiongeza matumizi au kupunguza mapato bila kuonyesha fedha za kuziba pengo, kifungu cha 134 kinalikataa. Mawakili wengi hukwama hapo, kwa kuwa mahakamani hakuna aliyewahi kuwauliza haki itagharimu kiasi gani. Kwa hiyo, ukiwa bado chuoni, ongeza somo la fedha za umma.

SWALI: Wakili aliye mbunge tumwite Metre, kama mawakili wanavyoitwa, au Mheshimiwa? (Mzee wa Kamalondo)

JIBU: Bungeni ni Mheshimiwa, mahakamani ni Metre. Akija kwenye kilio mtaani, baba, mwite jina lake.