Leveli 38 na daraja halibadiliki kwenye Trials of Mana

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, mhusika wako Duran kafika leveli 38 kwenye gemu la Trials of Mana, toleo la 2020. Kule leveli 18 alibadilika daraja (class, yaani aina ya mpiganaji) bila shida, sasa amegoma. Gemu halijaharibika, usifute kitu.

Angalia kwanza mfukoni: una mbegu zenye alama za kuuliza? Safari hii leveli pekee haitoshi. Kila mhusika anadai kifaa chake, na kinatoka kwenye mbegu hizo. Zipande kwenye chungu kule gesti, ila seve (hifadhi gemu) KABLA ya kupanda! Kinachoota ni bahati nasibu. Mimi nilipata kifaa cha mhusika Angela mara mbili mfululizo wakati namtafutia mwenzake Riesz. Kikitoka kisichokufaa, fungua seve yako upande upya.

Usumbufu huu umerithiwa kutoka toleo la 1995 la Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Walioliunda upya wameleta 3D, kuruka, hata nyota ya kukuonyesha njia, halafu mbegu wakaziacha vilevile. Mimi ningezitoa, kusema kweli.

Wenzake Duran ni nani? Wataje kabla hujachagua daraja la upande wa mwanga au wa giza.