Kompyuta ya ghala iliyojifunga baada ya matengenezo

Ndugu yangu wa Kigoma, ikiwa kompyuta ya ghala lenu la dagaa ilianza kudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba data za diski) mara tu fundi alipobadilisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, nenosiri lenu halina kosa, kwani chipu inayotunza siri ya diski imebaki kwenye mazabodi ya zamani. Kama mazabodi hiyo ya zamani bado inafanya kazi, fundi airudishe. La sivyo, nakili kitambulisho cha ufunguo kinachoonekana kwenye skrini, kisha kwa simu uingie kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta, utafute ufunguo wa tarakimu 48 wenye kitambulisho hicho hicho. Huenda akaunti ni ya mhasibu aliyeondoka, hivyo mpigieni kwa heshima. Msikubali kuifuta diski kabla ya hapo.