Masika ofisini: mafundi wanajibu

Ofisi yetu iko Mikocheni, Dar es Salaam, nyumba ya chini yenye paa la bati. Kila Aprili dari la jipsamu linavuja, na safari iliyopita maji ya chooni yalirudi hadi mapokezi. Gata tunasafisha kila mwaka. Tunakosea wapi?

Gata safi inaweza kuwa gata mbovu. Mwaga ndoo ya maji kwenye ncha iliyo mbali na bomba la kushushia. Yakituama, mteremko umepotea: gata ishuke milimita 5 kwa kila mita. Halafu piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 200 za mraba likipata milimita 50 linamwaga lita 10,000. Bomba moja la inchi 3 linaweza kuzidiwa. Weka mawili ya inchi 4.

Kisha misumari ya bati. Mpira wake hukaushwa na jua ukapasuka, maji yakapenya, yakafuata mbao na kudondokea mita mbili pembeni. Ndiyo maana silikoni nyingi hupakwa pasipovuja. Ingia darini mchana, zima taa, tafuta nukta za mwanga. Usipoziona, fuata alama ya maji kwenye mbao kwenda juu. Ng'oa msumari wenye kutu, weka skrubu ya bati iliyo nene kidogo kuliko tundu, yenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde lake.

Choo kina sababu nyingine. Ardhi ikishiba maji, karo (shimo la maji machafu) hujaa, na uchafu hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Ita gari la kunyonya Februari. Ukingoja Aprili, karo la tangi la plastiki lililotolewa maji linaweza kuelea ardhini na kuvunja mabomba. Kati ya jengo na karo funga valvu inayoruhusu maji kutoka bila kurudi, ndani ya chemba inayofunguka, maana kipande cha kitambaa tu kikinasa huacha kifuniko cha valvu wazi.

Maji yakiingia, tuanze na kompyuta au umeme?

Umeme. Zima meni swichi miguu ikiwa bado mikavu. Kama ili kuifikia lazima ukanyage maji, iache, toa watu, pigia TANESCO. Usiwashe tena kabla fundi umeme hajapima nyaya na soketi zilizolowa. Ekstensheni zitoke sakafuni leo. Jenereta ikae nje, juu ya msingi unaozidi alama ya maji ya juu kabisa iliyobaki ukutani. Kuihamishia koridoni ili isilowe ni kuwaua watu kwa moshi.

Tuko Posta, wafanyakazi wengi wanatoka Kimara na Magomeni. Barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko tufanyeje?

Mpangie kila mtu njia ya pili sasa: wa Kimara Barabara ya Mandela hadi Buguruni, wa Magomeni Kinondoni na Daraja la Selander. Zote zitakuwa na foleni, basi usimkate mtu mshahara kwa kuchelewa, la sivyo atapanda bodaboda ivuke maji yanayokimbia, na yakifika magotini tu yanamwangusha mtu mzima. Teua mtu mmoja wa kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni na kutuma ujumbe kabla ya saa 11 alfajiri. Wa Kimara huamka mapema kuliko bosi.