Vipimo vya damu, tiba ya umeme na sonona isiyosikia dawa: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii nyingi zinauliza kuhusu ECT, tiba ya umeme kwenye ubongo ambayo mitaani inaitwa kupigwa shoti, na kuhusu vipimo vya damu vinavyosemekana kutabiri itamfaa nani.

Shikamoo daktari. Dada yangu ana sonona, huu mwaka wa pili, na ameshabadilishiwa dawa mara tatu. Tumeambiwa kuna kipimo cha damu cha kujua kama ECT itamsaidia, lakini bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Tukope? (Morogoro)

Marahaba. Msikope. Hadi leo hakuna kipimo cha damu kilichothibitishwa kumwonyesha daktari kwamba huyu atapona kwa ECT na yule hatapona. Si kwetu, si Ulaya, si Marekani. Vitu vinavyopimwa vipo kweli, ila bado ni kazi ya watafiti, na ndugu wa mgonjwa hapaswi kuilipia.

Kwanza ulizeni hizo dawa tatu zilitumikaje. Sonona huitwa sugu pale dawa mbili au zaidi zimeshindwa baada ya kutumika kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, yaani wiki sita hivi au zaidi kwa kila moja. Wako wagonjwa wengi walioandikiwa "sugu" kwenye faili huku walikuwa wakimeza nusu kidonge, au waliacha wiki ya pili mdomo ulipowakauka.

Kama kuna fedha ya vipimo, pimeni homoni za tezi ya shingo, wingi wa damu, vitamini B12, sukari, VVU na kaswende. Tezi ikizembea, mtu huchoka, hunenepa, hupoteza hamu ya kila kitu, na dawa za sonona peke yake hazitamtoa hapo.

Kuhusu ECT yenyewe, historia ya dada yako ina habari nyingi kuliko damu yake. Tafiti nyingi zilipochambuliwa kwa pamoja zilionyesha kwamba wanaopata nafuu zaidi ni watu wa umri mkubwa, wale ambao kipindi cha ugonjwa hakijawa kirefu sana, na wenye sonona iliyochanganyika na imani zisizo za kweli, kama mtu anayeshikilia kwamba utumbo wake umeoza au kwamba ameshakufa. Hayo hujulikana kwa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza.

Daktari, watafiti wanatafuta nini hasa kwenye damu ya wagonjwa wa ECT? (Mwanafunzi wa uuguzi, Eldoret)

Swali zuri. Wanatafuta mambo mawili: kitu cha kutabiri nani atapona, na kitu cha kueleza umeme unaponya kwa njia gani, maana tangu Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoianza tiba hii Roma mwaka 1938, jibu kamili halijapatikana.

Kinachotajwa zaidi ni BDNF, protini inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana. Kwa wenye sonona mara nyingi huwa chini. Matumaini yalikuwa kwamba ECT huipandisha na mgonjwa hupona kadiri inavyopanda. Baadhi ya tafiti zimeiona ikipanda, nyingine hazikuiona, na hata ilipopanda haikwenda sambamba na kupona. Wapo waliopona BDNF ikiwa palepale.

Kundi la pili ni viashiria vya mwili kujihami: CRP, IL-6, TNF-alfa. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa 29: waliokuwa na IL-6 ya juu kabla ya tiba walimaliza wakiwa na sonona nyepesi zaidi, kwa CRP jambo hilo lilionekana kwa wanawake tu. Matokeo haya yananivutia sana, kwa sababu yanaashiria kwamba huenda sonona si ugonjwa mmoja. Lakini watu 29 ni wachache mno. Na CRP ni king'ora kinacholia kwa mwizi yeyote: malaria, homa ya mapafu, fizi zilizooza, hata unene. Ukimpima mgonjwa wa Kisumu au Kilombero msimu wa mvua, utajuaje kinacholia ni sonona?

Dublin wamefanya kazi hii kwa subira. Timu ya Declan McLoughlin, ya Chuo cha Trinity na Hospitali ya St Patrick's, ilitoa mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa 138 waliogawanywa kwa kura: wengine waliwekewa vishikizi vya umeme pande zote mbili za kichwa, wengine upande wa kulia tu kwa kipimo kikubwa cha umeme. Upande mmoja ulitibu bila kuzidiwa, na uligusa kumbukumbu kidogo zaidi. Timu hiyohiyo imekuwa ikichunguza damu ya wagonjwa wa ECT, molekuli baada ya molekuli. Tazama kilichobadilisha matibabu wodini: mahali pa kuweka vishikizi. Damu bado.

Na tumeshawahi kuharakisha. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake Marekani walitangaza kipimo cha deksamethasoni: unampa mgonjwa miligramu moja usiku, kesho yake unapima kotisoli, homoni ya msongo ambayo dawa hiyo hutakiwa kuishusha, ikibaki juu ana sonona kali ya aina ya melankolia. Hospitali nyingi zilikipokea kwa furaha, kisha ikaonekana wazee wenye ugonjwa wa kusahau, walevi na waliokonda kwa njaa nao wanatoa majibu yaleyale.

Mama yangu ameandikiwa ECT. Wazee wanasema ataunguzwa ubongo. Naogopa kusaini. (Tanga)

Woga wenu una asili yake. Zamani watu walifanyiwa wakiwa macho, wameshikiliwa, na wengine walivunjika mifupa. Ulizeni swali moja kabla ya kusaini: atapewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli? Jibu likiwa hapana, msisaini.

Ikifanywa inavyotakiwa, mama atakuwa hajala tangu usiku. Atawekewa mpira wa mshipa, atavutishwa oksijeni, atalala. Kabla dawa ya misuli haijaingia, muuguzi hufunga mkanda wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuujaza, ili dawa isifike kwenye unyayo. Umeme ukipita kwa sekunde chache, mwili wote hutulia na unyayo huo peke yake ndio unaocheza. Kwa huo, na kwa mchoro wa mawimbi ya ubongo, daktari anajua kifafa kinachotakiwa kimetokea na kimeisha. Kwa kawaida hakifiki dakika moja.

Kuhusu kuunguza: seli za ubongo zikijeruhiwa humwaga protini zinazopimika. Mwaka 2000 watafiti wa Sweden walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa tisa kabla na baada ya ECT, wasione dalili ya seli kuharibika. Ni wachache, lakini vipimo vya damu vya tafiti nyingine vimeelekea hukohuko.

Kumbukumbu ndiyo gharama ya kweli, na asiyewaambia anawaficha. Mama anaweza kusahau mambo ya wiki au miezi ya karibu na tiba, na baadhi yasirudi. Uwezo wa kushika mambo mapya hurejea mapema zaidi: uchambuzi wa tafiti 84 uliotolewa 2010 ulionyesha upungufu huo uko hasa katika siku tatu baada ya kikao cha mwisho. Kama mama amegoma kula na kunywa, pimeni gharama hiyo mkikumbuka kwamba njaa haitasubiri kidonge kifanye kazi.

Niko Toronto. Hapa wananiambia nichague ketamini au ECT. (Msomaji)

Inategemea ukali. Ketamini ni dawa ya nusukaputi inayotumika pia kutibu sonona. Katika utafiti wa Marekani, mwaka 2023, kwa wagonjwa wasio na dalili za kupotewa na uhalisia, 55.4% walipata nafuu kwa ketamini na 41.2% kwa ECT. Sweden, mwaka 2022, kwa waliolazwa wodini, ECT iliongoza: 63% walipona dhidi ya 46% wa ketamini. Kama unaweza kujipeleka kliniki mwenyewe, ketamini ni chaguo la haki. Kwa aliyelazwa hajiwezi, ningeanza na ECT.

Mjamzito anaweza kupewa ECT? (Bujumbura)

Ndiyo, ikihitajika, daktari wa wajawazito akiwapo kwenye mpango.

Mume wangu amemaliza vikao, amerudi kuwa yeye. Anataka kuacha dawa zote. (Mombasa)

Mkatalie, dada yangu, kwa upole lakini mkatalie. Mwaka 2001 Harold Sackeim na wenzake walifuatilia wagonjwa 84 waliopona kwa ECT. Ndani ya miezi sita, kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa 84% waliugua tena. Waliopewa nortriptilini, dawa ya sonona, 60%. Nortriptilini pamoja na lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, 39%.

Na hapa ndipo kipimo cha damu kina kazi kwelikweli. Lithiamu ikiwa chache haimkingi, ikizidi ni sumu. Wengi hulengwa kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita ya damu), na figo na tezi hupimwa pia. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: akimeza saa tatu usiku, awe maabara saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi, kama anayo, aimeze baada ya kutolewa damu.